Kadibodi Safi

Tangu Pasaka kadibodi ilikuwa safi, na Trevor Garside alijiona bingwa. Kwa miaka kumi na minane gari lake dogo la kijani, la viti viwili, lililoundwa mwaka 1967, lilidondosha oili kila lilipoegeshwa. Pale Todmorden, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, kila mwenye gari la namna hiyo alikuwa na kadibodi yake ya kutandika chini, na kila asubuhi aliikagua kabla hata ya kunywa chai. Jumamosi moja Trevor alikaza nati moja chini ya gari, wiki chache baadaye matone yakakoma, akaenda baa kuwatambia wenzake mpaka wakamnunulia bia ili anyamaze.

Mwezi Juni gari likaanza kulia. Ukikanyaga mafuta, mlio mwembamba ulitoka nyuma, ukiachia, ulinyamaza. Trevor akaongeza sauti ya redio wiki nzima, kwa kuwa zilibaki siku kumi na mbili tu wasafiri. Siku ya harusi yao alimwahidi mkewe, Noreen, kwamba angempeleka kuona bahari ya magharibi ya Uskoti. Miaka thelathini na moja ilishapita. Mwaka mmoja klachi, mwaka mwingine radieta, na kila mara Noreen alizitoa nguo zake sandukuni akazirudisha kabatini. Mara ya mwisho alisema neno moja tu, "Sawa." Trevor angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Mwishowe akalipeleka gari kwa Akroyd, fundi aliyeyajua magari hayo kuliko alivyowajua wanawe.

"Giaboksi hiyo," Trevor akasema hata kabla ya salamu.

"Nani kakwambia? Wewe si mpeleka barua? Ingia twende."

Akroyd akaliendesha mwenyewe kupanda kilima, shingo kaipinda upande. "Haya, sikiliza. Gia ya tatu, unasikia? Sasa ya nne. Mlio uleule. Unafuata mwendo, haufuati gia. Giaboksi usiisingizie. Ugonjwa uko huku nyuma, kwenye difu, sanduku la meno linalozungusha magurudumu."

Waliporudi gereji akaliinua kwa jeki, akaifungua nati ya difu, akachomeka kidole. Kikatoka kikavu.

"Trevor, humu umetia oili lini?"

"Nitie ya nini? Si limeacha kuvuja!"

Akroyd akakaa juu ya tairi kuukuu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye grisi. "Limeacha kuvuja kwa sababu halina cha kuvuja, bwege wee! Miezi mitatu unazunguka baa unajisifu, na gari linakufa kwa kiu!"

Trevor hakucheka. Meno ya difu yakiwa yameliwa, alielezwa, ni pauni mia tisa, na kwenye kopo la akiba ya safari mlikuwa na mia nne na hamsini. Usiku ule alikula pai yake bila kuisikia ladha, huku Noreen akipiga pasi gauni la bluu.

Kesho yake Akroyd akampigia simu. "Beringi zimekwisha kabisa, lakini meno mazima. Una bahati usiyostahili. Mia nne na kumi."

Trevor akaja na kopo lake. Akahesabu noti, kisha akanong'ona, "Kwenye risiti andika uchakavu tu, kaka. Noreen ataisoma."

"Nitaandika kilichotokea. Mimi pia nina mke."

Basi Trevor akarudi nyumbani, akaiweka risiti mezani, akabaki amesimama na kofia mkononi. Noreen aliisoma mara mbili.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Na pesa za nyumba ya wageni ndizo hizo zimekwenda. Lakini sitaki kukwambia tena ‘mwaka ujao’, Noreen. Naona aibu hata kulitamka neno hilo."

Noreen akaikunja risiti polepole. Trevor alikuwa akilingoja lile "Sawa".

"Hema la mwanetu Colin la skauti bado liko darini?" akauliza.

"Hema? Lina tundu!"

"Na wewe una akili yenye tundu, na nimelala nawe miaka yote hii. Lishushe. Ila nakwambia, mzee, ukiahirisha tena napanda basi peke yangu, na kadi sikutumii."

Walifika pwani ya Uskoti siku ileile waliyopanga, jioni, mvua ikinyesha, gari kimya kabisa. Alfajiri Trevor aliamka akakuta mahali pa mkewe patupu. Akatoka hemani mbio, bila viatu. Noreen alikuwa amechuchumaa kando ya gari, koti la mvua juu ya gauni la bluu, kikombe cha chai mkononi. Chini ya gari palikuwa na kadibodi. Alikuwa ameibeba yeye, imekunjwa sandukuni katikati ya nguo zake.

Katikati ya kadibodi palikuwa na tone moja jeusi, kubwa kama senti.

"Linavuja," Noreen akasema.

"Linavuja!" Trevor akaitikia kwa furaha.

"Basi lina oili. Nyumbani tutafika." Noreen akainuka, akamshika mabega, akamgeuza. "Sasa achana nalo. Tazama bahari, mume wangu. Nimeingoja peke yangu vya kutosha."