Hatua za Jenerali

Nakiri, nikiwa na akili timamu na bila kushikiwa fimbo, kwamba ni mimi niliyemwigiza mpishi wetu Jumamosi ile ya burudani, mbele ya shule nzima.

Mpishi tulimwita Jenerali, kwa jinsi alivyoamuru masufuria kama vikosi. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu muhula uanze. Nilipopanda jukwaani nimefunga aproni, mkono kiunoni, mdomo umepinda, bwalo likalipuka. Nikainama kuinua sufuria ya hewa, nikakwama katikati. Wakapiga meza. Kisha nikatoa silaha yangu kubwa: nikatembea huku wayo wa kushoto ukipiga sakafu pap, pap, kama kandambili iliyokatika. Watu walicheka hadi machozi. Jenerali mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakucheka. Sista, muuguzi wetu, naye hakucheka. Alikuwa ananitazama miguu.

Jumapili asubuhi nikaitwa zahanati. Nilivaa suruali mbili, kama mtu mwenye uzoefu. Nikamkuta Jenerali ameketi kitandani, kofia mapajani.

"Ule mguu wa jana," Sista akaniuliza, "umeubuni au umeuona?"

"Kaongeza chumvi huyo," Jenerali akadakia. "Ni mgongo tu, Sista. Nani hana mgongo? Nipe vidonge nikapike."

Akanikazia macho. Nilielewa. Mpishi asiyeweza kuinua sufuria habaki mpishi, naye ana watoto wanne wanaosoma. Ningesema nimebuni, tungetoka salama wote wawili. Na uongo kwangu si kazi ngumu. Bibi yangu mmoja nimeshamzika mara tatu ili nipate ruhusa.

"Nimeuona, Sista."

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Ukamwambia nani?"

Nilitazama viatu vyangu. "Nilikuwa nafanya mazoezi ya kuuigiza."

Sista akamgeukia Jenerali, kisha akanirudia mimi. Nikaona bora nimalize yote. Nikaeleza kwamba kila jioni, kwa malipo ya vipande viwili vya nyama, Jenerali alilala kifudifudi juu ya magunia ghalani, nami nikamkanyaga mgongo ili uachie.

"Una kilo ngapi?"

"Sitini na mbili, Sista."

"Mungu wangu! Na wewe, mzee mzima, unajilaza chini ukanyagwe na gunia hili?"

"Lilikuwa linanipa nafuu."

"Nafuu ya muda gani?"

"Mpaka niinuke," Jenerali akasema kwa sauti ndogo.

Sista akamwambia atembee kwa visigino. Wayo wa kulia ulibaki juu. Wa kushoto ukaanguka: pap. Sikuona kilichokuwa kinachekesha.

"Sikiliza, mzee. Mgongo wa kawaida ningekwambia uukande kwa chupa ya maji ya moto, utembeetembee, usishinde kitandani, na uache kuinua mizigo peke yako. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Huu wako umeshuka mguuni, na mguu unaishiwa nguvu. Huu ni wa hospitali, leo. Sasa nijibu: kuna ganzi katikati ya mapaja? Haja ndogo inatoka vizuri?"

"Mbele ya mtoto, Sista?"

"Wewe, toka nje."

Nilitoka. Sikutega sikio, na iandikwe hivyo, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza. Baada ya dakika kumi gari la shule likawashwa. Jenerali alipita akishikiliwa na Sista, na alipofika nilipo akasema polepole, "Umenimaliza, mwanangu."

Alipasuliwa, akakaa wiki nyingi bila kurudi. Bwenini wakanipachika jina la Daktari, eti nimeokoa mguu wa mtu. Kila walipoliita niliona aibu mpaka masikioni. Daktari gani anaona mguu unakufa, akautungia mdundo?

Aliporudi, mkuu wa shule alimwachia kazi yake, kwa sharti kwamba masufuria yainuliwe na watu wawili na yeye asiwe mmoja wao. Nikaenda jikoni kabla ya chai.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

Hakuitikia. Alifuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Siku ile, walicheka sana?"

"Sana, mzee."

"Hata kwenye mguu?"

Nilitamani kusema hapana. "Hapo ndipo walipocheka zaidi."

Akafuta meza tena, mpaka pembeni.

"Marahaba," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Shika sufuria hiyo na msaidizi wangu. Kunjeni magoti, si mgongo. Ileteni karibu na tumbo. Karibu zaidi, wewe! Haya, pamoja."

Tuliinua. Akatangulia kutuonyesha njia, nami nikatazama mvuke mpaka mwisho, nisije nikaiona miguu yake.