Sekunde Kumi za Salamu

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nalisema hilo mapema ili ijulikane kwamba mambo ya simu sikuyasomea, na aliyenikabidhi simu za chama chetu cha kuzikana hapa Mahalapye, Botswana, hakuniuliza kama nayajua. "Oteng, zote si zina waya?" mwenyekiti alisema. Ningekataa. Lakini siku zile nilikuwa najiona, nikaitikia.

Nilitazama video mbili mtandaoni, nikafunga mashine ya kupokea simu. Bonyeza moja kwa michango, mbili kwa msiba. Asiyebonyeza kitu ndani ya sekunde kumi, anakatwa. Ndivyo mashine ilivyokuja, na mimi sikujua pa kuibadilisha. Sauti niliyoirekodi ni ya Mma Seabelo, yaani mama Seabelo, aliyetupokelea simu miaka kumi na tisa. Nilipomaliza kumrekodi, akahamishiwa kwenye mafaili.

"Mwanangu, watu wetu hawabonyezi," aliniambia. "Wanasalimia kwanza. Mtu hawezi kukutajia maiti hata hajakuuliza umeamkaje."

"Watazoea, mma."

"Wafiwa wazoee? Kwani mtu anafiwa mara ngapi?"

Nilicheka. Kicheko kile kinanisuta mpaka leo.

Wiki ya tatu akaingia ofisini Rra Moilwa, yaani mzee Moilwa, mwanachama wetu wa tangu zamani, ametoka kijijini kwake. Akampita Mma Seabelo bila salamu, jambo ambalo kwetu hata mlevi halifanyi, akaweka kadi yake ya uanachama mezani kwangu.

"Nairudisha," alisema. "Mke wangu Gaone amefariki. Nilipiga simu hapa mara tatu. Huyu mama akapokea, nikamsalimia. Nikamuuliza habari za watoto, habari za mvua. Akanikatia. Mara zote tatu. Nikasema basi, liko kosa nimewatendea. Nimemzika na blanketi. Sanduku la chama hakupata."

Mma Seabelo alikuwa ameshasimama. "Rra, mimi sikukusikia."

"Sauti yako naijua, mma."

Nilitamani ardhi inimeze. Naapa, nilifikiria pia kunyamaza.

"Ilikuwa mashine, rra," nikasema. "Sauti ni yake, lakini yeye hakuwepo. Mimi ndiye niliyeifunga, na mimi ndiye niliyeiacha ikate watu. Yeye alinionya."

Mzee akamgeukia Mma Seabelo, akamwomba radhi, akamsalimia kama inavyopasa, na mama wa watu akaitikia huku analia. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Halafu akanitazama, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, rra."

"Siku yake ikifika, tuma mtu aje kwangu kwa miguu. Usipige simu."