Arusi Kavu ya Oksin

Miaka arobaini na sita Manni na dada yake Oksin hawakusemezana, na miaka hiyo yote waliimba kwaya moja, kila Jumatano, wamesimama hatua mbili tu mmoja na mwenzake. Wala usishangae. Watu wa Sulbova, kijiji chetu cha Waseto, kuacha kuongea wanaweza, kuacha kuimba ndiyo hawawezi.

Katikati yao alisimama Leen, mama mnene mwenye subira, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba maneno.

"Leen, mwambie huyo wa sauti ya juu basi linaondoka saa nane."

Leen aligeuka upande wa pili. "Manni, basi saa nane."

"Mwambie nimesikia, masikio ninayo."

"Kasikia. Masikio anayo."

Kazi hiyo Leen aliifanya muda mrefu mpaka mumewe akimwita mezani, anatazama kwanza kulia na kushoto kuona ujumbe ni wa nani.

Oksin ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Kiongozi wa Kiseto hashiki karatasi. Anatunga mstari hapo hapo, anautoa, na kwaya nzima inaurudia neno kwa neno, uwe wa sifa, uwe wa kumchamba mtu. Halafu juu ya wote inapanda sauti moja peke yake, nyembamba, kali, ya kukwaruza dari. Hiyo ndiyo killõ, na ilikuwa ya Manni. Killõ akikosekana wimbo unakuwa uji usio na chumvi. Lakini killõ mwenyewe hana neno lake. Anarudia alichosema kiongozi, basi.

Sasa ugomvi wenyewe. Enzi za Wasovieti kupika handsa, ile gongo yetu ya nafaka, kulikuwa kosa, na kwa sababu hiyo kila mtu alipika. Baba yao alikuwa na mtambo wa shaba ndani ya sauna, na handsa yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Wiki moja kabla ya arusi ya Oksin polisi watatu waliingia moja kwa moja hadi kwenye sauna, hawakutafuta hata dakika, wakaubeba mtambo na kila kilichokuwa ndani ya pipa. Oksin akaolewa kwa maji ya matunda. Jamani! Arusi ya Kiseto, siku tatu, watu mia na ishirini, maji ya matunda! Kwaya ya upande wa bwana harusi ilimwimba bibi harusi mpaka akajifungia ghalani, na hadi leo wazee wakitaka kutaja ukame wowote husema, "Kama kwa Oksin."

Mwaka uliofuata Manni akaolewa na Petro, kijana mwenye masikio makubwa, mdogo kuliko wote katika wale polisi watatu.

Watu walijumlisha wenyewe. Manni akasimama mbele ya sanamu takatifu za nyumbani, akaapa kwamba hakufungua mdomo. Oksin akamjibu, "Siku utakayosema kweli kwa kinywa chako, siku hiyo tutaongea." Na Manni hakusema. Mwanzoni aliona aibu, kisha akawa na mume wa kumlinda, kisha ikawa mazoea tu. Petro alikufa miaka minne iliyopita. Manni akabaki na kuku wake na sauna yake, akipika handsa iliyowashinda wote wilayani, ingawa siku ya kupika hakumruhusu mtu yeyote akanyage humo. Oksin hakuwahi kuionja hata tone.

Na sasa Oksin alikuwa anaondoka. Mwanawe alimjengea chumba huko Tampere, ng'ambo ya bahari, nyumba ya Sulbova ilishapata mwenyewe mpya, na safari ilikuwa Jumatatu. Jumamosi, kwenye sherehe ya Agosti, angeongoza kwaya kwa mara ya mwisho. Manni alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka dada yake amwite kwa jina lake kabla ya Jumatatu. Njia ya kulipata hilo ilikuwa moja, na aliijua.

Basi katikati ya mambo hayo akatokea Rasmus.

Rasmus alikuwa mtunzi wa muziki kutoka Tallinn, kijana mrefu mwenye skafu mwezi wa Agosti. Alikuja na kwaya ya watu arobaini waliovaa nyeusi tupu kama wamefiwa wote, na utungo wake unaoitwa Pumzi ya Kinamasi. Alitaka kwaya ya Sulbova iingie katikati. Siku ya mazoezi alimketisha Oksin, akamweleza kwa mikono.

"Hapa, mama, kwaya yangu inakuwa ukungu. Dakika sita za ukungu."

"Dakika sita? Hata ukungu wenyewe haukosi kazi hivyo."

"Halafu nyinyi mnaingia. Nyinyi ni sauti ya ardhi."

"Ardhi haina sauti, mwanangu. Mwenye sauti ni mimi. Niimbe habari za nani?"

"Za kinamasi. Maneno nimeshaandika, haya hapa."

Oksin aliishika karatasi mbali, kisha karibu, kisha akampa Leen. "Kinamasi kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu. Kipo tu."

"Ala! Sasa unakiimbia nini kama hakijamkosea mtu?"

Rasmus alicheka kwa adabu, akaendelea. "Na jambo zuri zaidi, mama, kwaya yangu nayo itarudia kila mstari wako, kama desturi yenu. Watu zaidi ya hamsini kwa pamoja!"

Oksin akamgeukia. "Kila mstari?"

"Kila mstari."

"Hata iweje?"

"Hata iweje! Ndiyo uhalisi wenyewe."

Manni, aliyekuwa akifunga viatu hatua mbili pembeni, aliona macho ya dada yake yanavyong'aa. Akajua Jumamosi haitaisha salama.

Jumamosi uwanja ulijaa. Kulikuwa na jibini, kulikuwa na samaki wa kukaushwa, na handsa ilipita mkono kwa mkono bila polisi yeyote kujali. Ukungu wa Rasmus ulianza. Watu arobaini wakasema "uuu" kwa uso wa huzuni. Dakika ya pili mzee mmoja alipiga mwayo, ya nne mbwa akainuka akaenda zake, na ya sita mtu wa nyuma akauliza kama mashine imeharibika.

Kisha Rasmus akawapungia mkono akina mama wa Sulbova. Oksin akaikunja ile karatasi, akaichomeka chini ya pambo lake kubwa la bamba la fedha kifuani, akafungua mdomo.

"Kinamasi nakifahamu, maji yake hayakauki."

Kwaya zote mbili zikarudia. Juu yao Manni akaipandisha killõ yake, safi kabisa. Rasmus akafumba macho kwa raha.

"Arusi yangu naifahamu, ilikauka tangu asubuhi."

Wenyeji wakaangua kicheko. Watu wa Tallinn, ambao lahaja yetu wanaielewa nusu nusu, wakarudia kwa heshima zote: arusi yangu naifahamu, ilikauka tangu asubuhi.

"Nani aliwanong'oneza polisi, mtambo upo saunani?"

Watu hamsini na kitu wakauliza swali hilo kwa sauti nne. Manni naye akaliuliza, juu kuliko wote, kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Ni mwenye sauti ndefu sana, na ukweli mfupi kama kidole."

Hapo miguu ya Manni ilitaka kukimbia. Alirudia. Alijitangaza mwenyewe mbele ya wilaya nzima, kila silabi, na sauti haikutetemeka. Ndipo Oksin alipofanya ushetani wake. Kiongozi ana haki ya kuuinua wimbo ghafla ukizama, wote wapande naye. Wimbo haukuwa umezama hata kidogo. Oksin akauinua. Mstari uliofuata akauinua tena. Wa tatu tena! Alitaka killõ ipasuke watu wasikie. Manni alipanda, mishipa ya shingo imesimama, huku akimtukana dada yake moyoni kwa majina ambayo mimi siyaandiki. Haikupasuka.

Oksin akavuta pumzi. Safari hii hakuinua kitu.

"Jumatatu naondoka kwetu, na umri wangu umekwisha. Nitazikwa bila kujua, nani aliyenikausha."

Kwaya ikarudia taratibu. Ilipomaliza, ilikuwa zamu ya Oksin tena, na Oksin hakuwa na mstari. Alisimama mdomo wazi, machozi yanamfika kidevuni, bibi wa miaka sabini aliyekuwa hajawahi kukosa neno tangu azaliwe. Rasmus aliinua mikono, mikono ikabaki hewani.

Manni akaona kwamba hapo ndipo pake. Killõ haianzi, haijawahi kuanza. Akaanza.

"Nilisema mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa."

Na desturi ni desturi. Kwaya ikarudia. Leen, macho yameduwaa, akaimba kwamba alisema yeye. Wale wanaume wa sauti nzito wa Tallinn wakakiri kila mmoja. Oksin naye, kwa mazoea ya maisha yake yote, akajikuta anaimba: nilisema mimi. Lakini juu palikuwa patupu. Killõ alikuwa anaongoza, wimbo haukuwa na paa.

"Nilisifu handsa ya baba, kwa kijana mwenye mashavu."

Ndipo kutoka kushoto ikapanda sauti ya ajabu, ya bawaba isiyotiwa mafuta. Oksin ameshika killõ! Vibaya, vibaya mno, lakini ameshika, na hakuiachia.

"Nilidhani atakuja na kiu, kumbe atakuja na wenzake!"

Uwanja ulilipuka. Mzee aliyepiga mwayo alikuwa amesimama juu ya benchi. Rasmus, kijana wa watu, alikuwa analia, na alimwambia kila mtu baadaye kwamba hajawahi kusikia kinamasi kikiimbwa namna ile.

Kisha ukungu ukarudi, dakika nyingine sita. Ndani ya zile "uuu" Oksin alisogea kando, na Leen akafungua mdomo tayari kubeba ujumbe.

"Leen, hebu pisha," Oksin akasema. Leen akapisha, asijue aangalie wapi. "Manni."

"Naam, dada."

"Yaani arusi yangu uliiuza kwa yale masikio?"

"Yalikuwa madogo wakati ule."

"Petro? Hayajawahi kuwa madogo." Oksin alijifuta kidevu kwa mkono. "Na baba akafa hajui mtambo wake ulikwenda wapi."

Manni alikuwa ameshaanza kusema kweli, akaona amalizie. "Mtambo ninao mimi. Petro aliandika wameuponda, usiku akaniletea. Uko saunani kwangu."

Oksin akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Na bado unatoa handsa?"

"Unatoa, dada. Kama zamani."

"Basi langu ni Jumatatu saa mbili asubuhi," akasema Oksin. "Na usije na kachupa. Njoo na dumu."