Sumu ya Kutishia Tu

"Mama, hizo sasa si hoja, ni kelele!" Winnie alisema. "Nimekuomba ukae upande wa pili unizoeshe, siyo unigombeze."

"Nani kakugombeza? Nimekuuliza swali. Wakubwa wana mabomu ya nyuklia, sisi hatuna. Mwenye rungu na mikono mitupu wakikutana njiani, nani anapisha?"

Kokuberwa aliuliza huku amempa binti yake mgongo, anasugua mikono kwenye karai. Alikwishanawa aliporudi kutoka mjini. Sasa ananawa tena, kwa sabuni ya kufulia, mpaka vidole vikawa vyeupe.

Kesho yake Winnie angesimama kwenye mdahalo wa shule aeleze kwa nini nchi zingine zimeamua kutotengeneza silaha za nyuklia, na uwezo zinao. Alijiandaa vizuri. Ni mama yake aliyekuwa mkali kupita kiasi.

"Brazili na Ajentina," Winnie akaanza upya. "Ni majirani. Walikuwa wanaviziana, kila mmoja na mitambo yake ya siri, kila mmoja akihofia kuachwa nyuma na mwenzake. Mwisho wakaona wanakimbizana kuelekea shimoni. Wakafunguliana milango. Wataalamu wa huku wanakagua kule, wa kule wanakagua huku. Mpaka leo."

"Hawakuwa na hela hao."

"Sweden walikuwa nazo! Walianza, wakaacha. Walijiuliza: tukiwa na bomu tutalala usingizi, au ndiyo tutalengwa sisi kwanza? Na Afrika Kusini walikuwa nayo tayari, wakayavunja kwa mikono yao."

"Wajinga."

"Mama!"

"Bomu si la kupiga, Winnie. Ni la kukaa ndani, jirani ajue lipo. Nitazame mimi na Mama Nkwabi. Tangu nimwambie nina sumu ya bata, si pametulia?"

Hapakuwa pametulia, na Kokuberwa alijua. Bata wa Mama Nkwabi walikuwa wanavuka mpaka kama zamani, wanakula dagaa wake walioanikwa pale Igombe, hatua chache kutoka majini. Siku alipomtishia, Mama Nkwabi alishika kiuno akajibu, "Unadhani ni wewe tu mwenye sumu? Kuku wako hawavuki?" Tangu hapo hawakusalimiana. Kokuberwa aliwafungia kuku wake bandani, akawa anaamka kuwahesabu. Leo asubuhi alipokuta bata watatu juu ya chanja, hasira zikampanda. Akachukua dagaa wachache, akawachanganya na sumu ya panya, akawatandaza juu ya kipande cha turubai chini ya chanja la mwisho. Kisha akaenda mjini kuonana na mteja. Alijiambia atarudi mapema awaondoe. Mvua hakuiweka kwenye mipango yake.

Aliporudi alikuta magunia ya dagaa yamepangwa barazani, makavu. Turubai nalo limekunjwa juu yake. Alidhani ni Winnie, na alikuwa anatafuta namna ya kumuuliza waliokuwa juu ya turubai amewaweka wapi, bila kusema kwa nini anauliza.

"Pametulia?" Winnie akacheka kwa uchungu. "Basi mvua ilipokuja leo, nani aliyekuanulia dagaa?"

"Si wewe?"

"Mimi nilikuwa shule. Ni Mama Nkwabi. Nimemkuta amelowa chapachapa, anafunga gunia la mwisho. Akachota bakuli lake la mboga kama kawaida, akasema nikuambie."

Kule ufukweni mvua haina ugomvi. Likitanda wingu, aliyepo anaanua dagaa wa wote, wa rafiki na wa adui, na aliyeanua anachota bakuli moja la mboga bila kuomba. Kokuberwa mwenyewe amechota mabakuli mengi.

Sabuni ilimponyoka.

"Na wa kwenye turubai?"

"Kawamwagia humo humo magunini. Mama? Mama, kuna nini?"

Kokuberwa aliliacha karai. Alitoka mbio peku, kanga moja kiunoni, akaruka mfereji wa mpakani. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa jirani yake. Mtoto wake, Nkwabi, alikuwa ananawa mikono mlangoni. Ugali umeshapakuliwa.

"Msile!"

Mama Nkwabi aligeuka na mwiko mkononi. "Hodi huna siku hizi?"

"Mmeshaonja? Niambie, kuna aliyeonja?"

"Aonje nini, chumvi yenyewe sijatia. Una wazimu?"

Kokuberwa alinyakua sufuria kwa mikono mitupu. Lilimuunguza, hakuliachia. Bata wakaja na mwendo wao wa kuyumba, wazima wote, wakidhani wanapelekewa chakula. Akawapita, akaenda moja kwa moja chooni, akamwaga mchuzi na dagaa wote shimoni. Aliporudi, akakaa chini kwenye matope.

"Nimewawekea bata wako sumu," alisema. "Umewaanua pamoja na wazima."

Mama Nkwabi aliutupa mwiko. Alimvuta Nkwabi akamweka nyuma yake.

"Nililowana kwa ajili ya dagaa wako, Mama Winnie."

"Najua."

"Ulisema una sumu, nikajua ni hasira tu."

"Na wewe ulisema unayo."

"Mimi? Niitoe wapi? Nilisema usinione mnyonge!"

Kokuberwa alitazama viganja vyake vilivyobabuka. Siku zote zile alikuwa anawahesabu kuku wake akiogopa sumu ambayo haikuwepo. Sumu ya kweli ilikuwa kwake, chini ya kitanda anacholala na bintiye.

Angeweza kuomba msamaha. Lakini aliona aibu kuomba chochote kwenye uwanja ule. Akasimama.

"Njoo kwangu," alisema. "Ingia kila chumba, fungua unachotaka. Mimi nachimba shimo la hao dagaa."

Mama Nkwabi alikuja, hakutabasamu. Aliinua godoro, akafunua ndoo, akachungulia bandani kwa kuku, na kopo la sumu akalitoa mwenyewe kwa ncha za vidole. Nyuma ya nyumba Kokuberwa alikuwa tayari na jembe. Winnie akamletea gunia la kwanza.

"Mama, yote? Si tuchambue?"

"Utamjuaje mwenye sumu? Lete yote."

Dagaa wa mwezi mzima wakaingia shimoni, wanang'aa kama misumari mipya. Mama Nkwabi akatupia kopo juu yao. Kokuberwa akaanza kufukia.