Fundi Cherehani Kwenye Jarida la Mimea

Siku makala yake ya kwanza ilipotoka, mwalimu wa mimea alimtumia baba yake kiungo kwenye simu, akakaa mkao wa kusubiri pongezi. Zikaja kelele. Mzee, fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa sare za shule, alikuwa amebonyeza, akakuta jina la mwanawe, kichwa cha makala, mistari michache ya mwanzo, halafu mlango umefungwa: lipa kwanza ndipo usome. Tena kwa dola.

"Yaani nikusomeshe mimi, halafu nilipe tena kukusoma?" alifoka. "Hao watu wana wazimu au wana njaa?"

"Ndivyo majarida yalivyo, Baba."

"Na wewe walikulipa?"

"Hapana."

"Basi wana vyote viwili."

Mwalimu alicheka mpaka mbavu zikamuuma, lakini lile neno lilimkaa rohoni. Babake alikuwa na macho mazuri, miwani mipya, na hamu ya kumsoma, na bado alikuwa hajamsoma. Kwa hiyo jarida moja la utafiti wa mimea na uoto lilipopata mhariri mpya, mama mmoja asiyejua kusema kwa sauti ya chini, mwalimu alitega sikio.

Mhariri huyo alipindua meza. Alitangaza kwamba kuanzia sasa makala itawekwa kwenye tovuti kwanza, wazi, bure kwa kila mwenye simu. Wahakiki wawili wataandika ukosoaji wao palepale chini yake, kwa majina yao, siyo tena kujificha nyuma ya pazia. Na msomaji yeyote ataruhusiwa kuongeza maoni yake. Mwisho wa yote ndipo yeye ataamua ipite au isipite. Wataalamu wa zamani walipiga kelele, eti watavuliwa nguo hadharani.

"Basi vaeni vizuri," aliwajibu, akaendelea na kazi.

Mwalimu akaapa kwamba makala yake ya pili itakwenda huko huko. Na siyo makala ya kujifurahisha, jamani. Mkataba wake chuoni ulikuwa unaisha muhula huo, na ili apewe ajira ya kudumu alitakiwa awe na makala ya pili iliyokubaliwa. Asipokuwa nayo kibarua kingeota nyasi, na kwa kuwa yeye ni mwalimu wa nyasi, hapakuwa na mtu pale chuoni aliyeacha kumchokoza kwa hilo.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Nyuma ya chuo palikuwa na yadi ya zamani ya malori, udongo umeshindiliwa na matairi miaka na miaka mpaka umekuwa kama sakafu. Mwalimu aliulainisha wote kwa jembe, akaugawa vitalu. Nusu ya vitalu alivipanda mbegu za nyasi za dukani, vimwagiliwe kila siku. Nusu nyingine aliviacha hivyo hivyo, bila mbegu wala tone la maji, viwe vya kulinganishia. Mwisho ataonyesha kwamba ardhi iliyochoka hupona ukiipa mbegu na maji. Nani angebisha?

Mitihani ya katikati ya muhula ikaanza. Mwalimu akazama kwenye kusahihisha, na baba yake akajitolea kumwagilia kila akifunga duka lake la ushonaji. Maelekezo yalikuwa mepesi: mwagilia vitalu vyenye kitambaa chekundu tu. Vile vitambaa mzee alivikata mwenyewe, mabaki ya sketi za shule, akavifunga kwenye vijiti kwa fundo zuri.

Karatasi ya mwisho ilipotiwa alama, mwalimu alikwenda yadini. Macho yakamtoka pima. Kulikuwa kijani kila mahali! Vyenye kitambaa, kijani. Visivyo na kitambaa, kijani vilevile. Ni kimoja tu kisicho na kitambaa kilichobaki kikavu, kile cha pembeni karibu na ukuta.

Baba yake akatokea na keni ya kumwagilia, anatabasamu kama bwana harusi.

"Umeona walivyopendeza hao?"

"Baba! Hawa hawakutakiwa kumwagiliwa!"

"Mwanangu, ningewezaje? Napita na maji mkononi, hawa wanakunywa, wenzao wananikodolea macho. Hata wewe na kaka yako sikuwahi kuwagawia namna hiyo."

"Ni udongo, Baba!"

"Na ulikuwa na kiu."

Mwalimu alikaa chini palepale, na sketi yake ya kazini. Vitalu vya kulinganishia havikuwa vya kulinganishia tena. Kazi yote imekwenda na maji, kweli kweli na maji. Akanyoosha kidole kwenye kile kitalu kikavu.

"Na hiki je?"

Mzee akageukia keni yake, akaanza kuikagua mdomo. "Nilimwagilia vyote," alisema haraka. "Vyote kabisa. Tusianze kutafutana."

Jirani yake wa ofisini, mtaalamu wa wadudu, mtu wa njia za mkato katika kila jambo, hakuona tatizo. "Ng'oa," alisema. "Ng'oa vilivyoota ambako havikutakiwa, andika kama ulivyopanga. Nani atajua?"

Tusimpambe mwalimu. Alikwenda. Asubuhi iliyofuata alipiga magoti kwenye kitalu kisicho na kitambaa, akashika mche wa kwanza, akauvuta. Ukatoka na mizizi yake. Ndipo alipoutazama vizuri.

Haukuwa nyasi za dukani. Ulikuwa na majani membamba yenye manyoya na kiua cha njano kisichozidi kifungo cha shati. Mmea huo yeye aliwahi kuuona mahali pamoja tu: kwenye kabati la chuo, umekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi na mtu aliyeukusanya hapo hapo kabla yadi haijakuwa yadi. Akatazama wa pili. Mmea mwingine wa kabatini. Wa tatu, vilevile. Hakuna aliyewapanda. Walikuwa wamelala chini ya malori muda wote huo, wanasubiri mtu awafungulie udongo na kuwapa maji.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, peke yake yadini. Akaurudisha ule mche ardhini kwa vidole viwili, akaushindilia taratibu, na akauomba radhi.

Aliandika kila kitu bila kuficha. Aliandika kwamba msaidizi alimwagilia vitalu vyote kwa huruma, kinyume cha mpango. Aliandika kwamba mbegu za asili bado ziko hai udongoni, na kwamba pengine hatuna haja ya kununua mbegu za dukani. Na akaandika kwamba kitalu kimoja hakikuota kitu, kwa sababu isiyojulikana. Mhariri akaiweka makala kwenye tovuti.

Mhakiki wa kwanza alifurahi, akauliza maswali madogo. Wa pili alikuwa bingwa anayeogopwa, ambaye watafiti humwita Mkasi kwa anavyozikata makala za watu. Naye aliandika hadharani, kila mwenye simu aone: mbegu hizo huenda zililetwa na upepo baada ya udongo kulainishwa. Tena kitalu kimoja kimemwagiliwa kama vingine na hakikuota kitu. Kama mbegu zimo udongoni, kwa nini? Mwandishi hajui. Mpaka ajue, sishauri makala hii ikubaliwe.

Mhariri alipiga simu. "Mkasi ana hoja," alisema, na mwalimu akaisogeza simu mbali na sikio. "Ukiwa na jibu, napitisha. Usipokuwa nalo siwezi, hata nikupende vipi. Umenielewa, mdogo wangu?"

Alielewa. Jibu hakuwa nalo. Alikichunguza kile kitalu kikavu mpaka akakariri kokoto zake, na muhula unayoyoma. Akaanza hata kuuliza bei ya maboksi ya kuhamishia vitabu.

Mchana mmoja alikuwa kwenye chumba cha walimu, kikombe cha chai mkononi, mtaalamu wa wadudu akaingia mbio.

"Wewe! Kuna mzee anagombana na Mkasi kwenye jarida!"

Mwalimu akafungua simu. Chini ya maneno ya Mkasi palikuwa na maoni mapya, kwa jina kamili la baba yake.

"Ndugu mhakiki, kama umenizidi umri shikamoo, kama sivyo marahaba. Mimi ndiye niliyeshika keni. Nimesoma makala yote na nimekusoma na wewe. Kitalu cha pembeni hakikuota kwa sababu sikukimwagilia. Ndege alikuwa ametaga hapo juu ya kokoto, na kila nikisogea ananijia mbawa wazi kama mwenye nyumba anayedai heshima. Nikamwachia kitalu chake. Mwanangu aliponiuliza nilimwambia nimemwagilia vyote, maana alishakasirika kwa nilivyomwagilia, nikaogopa akisikia kuna nilichokiruka atakasirika mara mbili. Kosa ni langu. Tafadhali usimkate mwanangu."

Mwalimu alisoma, akarudia. Halafu akapiga yowe, chai ikamwagikia meza nzima.

Udongo uleule! Jembe lilelile, upepo uleule, jua lilelile, kila kitu sawasawa isipokuwa maji! Kitalu cha kulinganishia alichodhani amekipoteza kilikuwepo siku zote. Kililindwa na ndege.

Akampigia. "Baba!"

"Nimeharibu tena?"

"Baba, umeniokoa!"

Upande wa pili cherehani ikasikika ikisimama. "Ah," alisema mzee. "Basi nilifanya makusudi."

Mkasi alijibu siku hiyo hiyo. "Mzee, shikamoo, naamini umenizidi. Kama ndivyo ulivyosema, na kama ndege ameshaondoka, kimwagilieni sasa kitalu hicho. Kwanza kwangueni vumbi la juu, halafu kifunikeni kwa chandarua, tusimsingizie upepo. Picha ziwekwe hapa kila mtu aone. Kikiota, nitasema."

Ndege alikuwa ameshaondoka na vifaranga vyake, kabla hata mwalimu hajaanza kukichunguza kitalu. Na chandarua, nani wa kukishona? Jioni ile mzee alifika yadini na kitu ambacho mwalimu hajawahi kukiona kwenye utafiti wowote: chandarua chenye kona nne zilizokaa vizuri, pindo la kuwekea mawe, na zipu ubavuni.

"Zipu ya nini, Baba?"

"Mkono wenye keni utapitia wapi? Nyie wasomi hamfikirii mlango."

Wakakwangua, wakafunika, wakamwagilia. Safari hii walikwenda pamoja kila siku, na mzee akikaribia kile kitalu alipunguza hatua, kana kwamba ndege yungali pale. Picha zikawekwa. Udongo mtupu. Siku iliyofuata, udongo mtupu. Wasomaji wakaanza kuingia, wanafunzi, watafiti, hata wateja wa duka la ushonaji ambao maishani hawakuwahi kufungua jarida la aina yoyote, wanauliza tu: bado? Mtaalamu wa wadudu alipita kila asubuhi akichungulia kwenye zipu, anajifanya anatafuta mchwa.

Wiki ya mwisho ya muhula ikafika. Mwalimu alikuwa amejikaza kisabuni siku zote hizo, lakini asubuhi hiyo alishindwa kufungua zipu.

"Fungua wewe, Baba."

Mzee akafungua, akaingiza kichwa, miwani na vyote. Mwalimu akaona tu mabega yake yanatikisika.

"Baba? Nini? Unalia?"

"Nacheka," alisema mzee kutoka ndani ya chandarua, naye analia. "Wamekuja. Njoo uwaone, wamekuja wengi!"

Mwalimu alilala kifudifudi kwenye udongo mbichi, blauzi nyeupe na yote, akaona vichipukizi vya kijani vimejitokeza kila mahali, na miongoni mwao vile vyenye manyoya, vidogo mno, havina hata ua. Alipiga picha mpaka simu ikalalamika haina nafasi.

Mkasi hakuchelewa. "Nimeona," aliandika. "Nimeridhika kabisa. Makala ipite, na kitalu cha ndege kiingizwe kwenye matokeo. Mzee, kazi ya chandarua hicho ni ya daraja la kwanza. Unapokea oda?"

Mhariri akapitisha. Alipiga simu kusema hivyo, na chumba kizima cha walimu kikamsikia bila kuombwa. Makala ilitoka na sehemu ya mwisho ambayo jarida hilo jipya humtaka kila mwandishi aijaze, ya nani alifanya nini. Hapo palikuwa na jina la mwalimu, na chini yake jina la fundi: umwagiliaji, ushonaji wa chandarua, ulinzi wa kiota. Chuo nacho kikatoa ajira, na maboksi ya vitabu yakatafutiwa kazi nyingine.

Siku hiyo hiyo mtaalamu wa wadudu alirudi tena mbio. Kulikuwa na maoni mengine ya mzee chini ya makala, na haya hayakuhusu sayansi hata kidogo. Mtaalamu alikuwa amemwandikia mhariri ayafute, jarida lisichekwe. Mhariri alimjibu kwamba hafuti kitu, na kwamba angalau huyu msomaji amefika mwisho wa makala, jambo ambalo hana uhakika nalo kwa wengi.

Mwalimu aliyasoma amesimama kwenye korido, wanafunzi wakimpita kushoto na kulia.

"Nimekusoma mpaka mwisho, mwanangu, na hakuna aliyenifungia mlango. Sasa zima hiyo kompyuta uje ule, chakula kinapoa."

Alijifuta macho kwa kiganja, hakujali nani anamwona. Akarudi ofisini, akazima kompyuta, akaenda kula.