Sanduku la Opiyo

Mume wangu Hemedi aliniletea mke mwenza ndani ya nyumba, na mke mwenza huyo alikuwa redio. Mchana alitengeneza redio za watu pale soko la Kibuye, mjini Kisumu. Jioni alirudi kwetu Nyalenda, akajifungia chumbani kuzungumza hewani na watu wa nchi za mbali wasiomlipa hata senti. Yeye na rafiki yake Walter walikuwa na kibali cha serikali cha kufanya hivyo, na kwa kibali hicho walijiona mawaziri. Mimi nilipika nikanyamaza, na kunyamaza kuliponichosha nilisema.

Mwaka wa mvua za Elnino magugu-maji yalikuwa yameziba ziwa. Upepo ukigeuka, yalihama kwa pamoja kama shamba zima, na boti iliyokutwa katikati ilibanwa humo siku nyingi. Wako watu waliokufa huku wakiona moshi wa jikoni kwao. Hapo ndipo Hemedi na Walter walipopata wazo ambalo sikulicheka. Waliunda kifaa kidogo cha kufungwa kwenye boti. Kifaa kilijua mahali kilipo na kutuma nambari hewani, nazo zikifika kwenye mashine yetu nyumbani, Hemedi alizitafuta kwenye ramani na kusema boti iko hapa. Ila kutoka ziwani hadi Nyalenda ni mbali, kwa hiyo kilihitajika kituo cha katikati, juu ya kilima, cha kuzipokea nambari na kuzirusha tena.

Kilima chenyewe kiko Seme, upande wa Kombewa, nyuma ya boma la mjane aitwaye Seline. Walisimamisha nguzo, wakaweka redio ndani ya mtungi wa plastiki juu yake, na betri ya gari chini. Mtoto wa pekee wa Seline, Opiyo, alikuwa mvuvi, na boti yake ndiyo iliyofungwa kifaa cha kwanza. Seline akakabidhiwa kituo. Betri ilipochoka aliibeba kichwani hadi Kombewa kuichajisha, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

"Mama, ni kitu moja tu," Hemedi alimwambia siku ile. "Maji isiingie. Maji ikiingia, hii redio imekufa."

"Haitaingia," Seline akajibu. "Hii ndio macho inaona mtoto wangu."

Mume wangu alimweleza habari ya maji, ya siafu, na ya mbuzi wanaotafuna waya. Habari ya chuma hakumweleza. Kwake yeye lilikuwa jambo ambalo kila mtu huzaliwa akilijua, na ndivyo walivyo mafundi wote niliowahi kuwapikia.

Kisha ikanyesha mvua ya mawe. Asubuhi yake kituo cha mlimani, ambacho kwa kawaida kilituma mlio wake mara kwa mara, kikanyamaza. Hemedi alidhani ni betri. Alitaka kwenda siku ileile, lakini barabara ilikuwa imekatika na magari yote yalirudi. Alikaa mbele ya ile mashine, chai ikapoa, akaletewa nyingine ikapoa pia. Nilimwambia ale, akaniambia, "Rehma, Opiyo yuko ndani ya maji na mimi sioni kitu." Sikumtania tena.

Barabara ilipopitika tulipanda lori la mchanga, mimi na yeye. Walter alibaki kwetu kusikiliza. Nilikwenda kwa sababu sikupenda uso wa Hemedi ulivyokuwa.

Seline alitupokea kwa furaha na kutuandalia viti. Opiyo alikuwa ametoka zaidi ya wiki iliyopita na hakuwa amerudi, ila yeye hakuwa na wasiwasi mkubwa. Wavuvi wenzake walikuwa wamekuja kumwambia wanataka kuingia kwenye magugu na mapanga wamtafute. Aliwazuia.

"Niliambia wao wasijisumbue," alisema. "Niliambia wao Bwana Hemedi anaona yeye kutoka Kisumu. Akikwama, Bwana Hemedi atakuja. Na sasa si umekuja? Mtoto wangu iko wapi?"

Hemedi aliinuka kitini. Alianza kupanda kilima akikimbia, nasi tukamfuata.

Nguzo ilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, limeinuliwa juu ya mawe lisiguse tope, limefungwa kufuli. Pembeni liliandikwa OPIYO kwa rangi nyeupe. Seline alifungua fundo la leso yake akatoa ufunguo.

"Mvua ya mawe ilipasua mtungi," alisema. "Nikaona maji itaingia. Nikatafuta kitu ngumu. Hii ndio sanduku yake ya sekondari, haijawahi kuvuja."

Hemedi alichukua ufunguo, akafungua kifuniko. Redio ilikuwa ndani, imeviringishwa blanketi, kavu kabisa, na betri kando yake, waya zikiwa bado zimeunganishwa. Aliinua redio kwa mikono miwili. Hakugusa kitu kingine. Muda mfupi baadaye redio ndogo aliyoivaa kiunoni ikakoroma, na sauti ya Walter ikatoka Nyalenda.

"Hemedi, imeingia. Nambari za Opiyo zimeingia. Nasoma, andika."

Seline alipiga magoti akamshukuru Mungu. Mimi nilimtazama mume wangu, naye alikuwa anatazama bati.

Wavuvi walikata magugu kwa mapanga tangu mchana hadi jua likielekea kuzama, wakafika pale nambari ziliposema. Boti ilikuwapo. Kifaa kilikuwa bado kinatuma. Opiyo alikuwa amelala sakafuni, amejiharia, midomo imekauka. Alikuwa amekunywa yale maji ya chini ya magugu. Walimpeleka Kombewa hospitali kwa mazoea tu, na daktari akasema kipindupindu, na kwamba hajamaliza siku mbili tangu akate roho. Angewekewa maji ya mshipa mapema, akasema, kisha akaona mama yupo, akanyamaza.

Baada ya mazishi tulikwenda kuaga. Seline alikuwa ameketi mlangoni, sanduku mbele yake.

"Bwana Hemedi," alisema, "siku ile nini ilikuwa imeharibika?"

"Betri, Mama," Hemedi akasema.

"Betri nilichajisha mimi. Na wewe hukubadilisha. Ulifungua tu."

Hemedi akainamisha kichwa. Nilimkasirikia kwa ule uongo na nikamhurumia papo hapo, na sijui ni lipi lililonisukuma kusema.

"Mawimbi ya redio hayapiti kwenye bati, Mama."

"Redio ya pale kwa kabati yangu huimba hata nikifunga."

"Kabati lako ni la mbao."

Mkono wa Seline ulikuwa juu ya lile jina jeupe.

"Alikuwa anaita?"

"Alikuwa anaita," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Basi mimi ndio nilifungia yeye," alisema. Akatoa ufunguo kwenye fundo la leso, akamwekea Hemedi mkononi, akaingia ndani kututengenezea chai.