Kicheko cha Vivian Siku ya Vikombe

Vivian Mulama alikuwa na tatizo moja: akiogopa, anacheka. Si tabasamu la aibu, la. Kicheko kizima, chenye mikono na miguu. Alicheka katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne mpaka msimamizi akamhamishia dirishani apate hewa. Alicheka kwenye mazishi ya babu yake kule Butere, mhubiri alipofika pale pa mavumbi kwa mavumbi, na shangazi zake wakamkokota hadi jikoni wakampa ndoo ya vitunguu akatekate, angalau watu wamwone na machozi. Tangu aanze kusomea umeme, mama yake, ambaye hupakia sabuni kiwandani Industrial Area, huwaambia majirani wa mtaa wa Umoja, "Huyu wangu mwenyewe nyaya zake zilifungwa vibaya. Ukibonyeza kilio, kinawaka kicheko."

Mtu kama huyo ndiye aliyejikuta mstarini Ijumaa moja asubuhi, kikombe cha plastiki mkononi, akisubiri kupimwa bangi.

Nayo haikuwa bangi ya kawaida. Ilikuwa ile ya kutengenezwa, majani makavu yoyote tu yaliyopuliziwa kemikali na kutiwa kwenye vipakiti vinavyong'aa kama vya peremende. Wanafunzi waliiita spaisi. Vipimo vya zamani havikuiona, na ndiyo sababu wanamichezo waliipenda. Lakini muhula uliopita wanariadha wawili wa chuo jirani walianguka uwanjani wakinyoosha viungo tu, mmoja akalazwa siku nne. Basi vyuo vikakubaliana: kabla ya mashindano ya mbio, kila timu ipimwe kwa vipimo vipya, mkojo wa kila mtu, bila kuruka yeyote.

Timu ya chuo chao cha ufundi ilikuwa na watu kumi na wawili. Vivian hukimbia mita mia nne. Kocha Bwire, mtu mfupi ambaye hata kanisani huenda na filimbi shingoni, alisimama mbele yao ukumbini.

"Dalili nazijua," akasema. "Aliyevuta hiyo takataka hajifichi. Ama anakodoa macho kama samaki wa kwenye barafu, ama anachekacheka bila sababu."

Hapo Vivian akahisi kitu kinamtekenya chini ya mbavu.

Akauma kola ya jezi. Akajilazimisha kuwaza mambo ya huzuni: unga ulioingia wadudu, panya waliyemkuta kwenye tangi la maji la ploti yao. Panya akazidisha mambo. Bado angeweza kushinda, kama si Adhiambo aliyekuwa nyuma yake. Adhiambo ni mrusha mkuki, msichana wa sauti nzito asiyejua mzaha kabisa. Akainua mkono kumwelekea muuguzi aliyesimama kando ya kocha.

"Sista, samahani. Kikombe kikijaa na mimi bado sijamaliza, ile ingine niipeleke wapi?"

Kicheko kilimtoka Vivian kupitia puani kwanza, kama honi ya pikipiki, halafu kikafungua mdomo.

"Mulama!" Kocha Bwire akaja mbio. "Umevuta nini?"

"Hewa, kocha."

"Hewa gani?"

"Hii hii ya hapa."

Na kwa kuwa hewa ya hapo huja moja kwa moja kutoka viwandani, ikiwa na harufu ya plastiki iliyoungua, mstari mzima ukaangua kicheko. Mrusha kisahani akakaa chini. Adhiambo peke yake ndiye aliyebaki amesimama, mkono bado juu, akisubiri jibu.

"Huyu aanze," Kocha akasema, shingo imemvimba. "Aanze sasa hivi!"

Muuguzi wa chuo aliitwa Sista Khadro, mama mrefu mzaliwa wa Pumwani, ambaye wanafunzi waliapa hawajawahi kuyaona meno yake. Alimpeleka Vivian chooni, akasimama mlangoni kama kanuni inavyotaka, uso umeelekea ukutani. Vivian akachuchumaa. Kila mkojo ulipokaribia, alikumbuka swali la Adhiambo, akacheka, na njia ikajifunga tena.

Dakika kumi zikapita.

"Mulama," Sista akasema, "nasikia kicheko. Sisikii maji."

Hiyo ndiyo iliyoharibu kabisa.

Akatolewa nje, akawekwa kwenye benchi la korido na chupa tatu za maji na kikombe cha uji, akaambiwa asiondoke mpaka kieleweke. Kwenye benchi hilo alikuwepo mtu mwingine aliyedai hana mkojo: Irungu, mkimbiaji wa mita mia, kijana mwenye kasi kuliko wote chuoni. Alikuwa ameketi wima kabisa, jasho kwenye mdomo wa juu, mkono wa kushoto ameubana ubavuni.

"Niaje, Irungu."

"Poa." Hakugeuka. "Wewe unacheka nini? Si watakufukuza?"

"Najua!" Vivian akasema, akazidi kucheka. "Ndiyo maana!"

Irungu akamkazia macho. Basi Vivian akamweleza, kati ya mafunda ya uji, habari za babu na mhubiri na ndoo ya vitunguu. Alipofika pale shangazi mmoja alipomsifu mbele ya watu, "Mwoneni huyu mtoto anavyomlilia babu yake," uso wa Irungu ukapasuka. Akacheka. Akacheka kama mtu aliyekuwa amesahau namna yake, kwa vipande vipande, mkono wa kulia umeshika goti, wa kushoto bado umebanwa ubavuni.

"Mbona umekaa kama kuku aliyevunjika bawa?" Vivian akauliza.

Kicheko cha Irungu kikakatika. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa kwapani chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Ndani kulikuwa na maji ya rangi ya kahawia hafifu.

"Ni mkojo wa sistangu Jacky," akanong'ona. "Nilikuwa naipasha moto. Ikiwa baridi watajua."

Vivian aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kutoka kwenye vidole vyake ilitoka sauti kama ya birika. Lakini alipomtazama Irungu tena, aliona kijana yule analia, machozi mazito yanayoteremka bila kelele, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kicheko chake kikajizima chenyewe.

"Ilianza kama mchezo tu," Irungu akasema. "Jamaa fulani gym aliniambia inatuliza kichwa na haionekani kwa vipimo. Jumatano nimevuta tena. Vivi, moyo ulinienda mbio hata kwa fainali haujawahi kwenda hivyo. Miguu sikuisikia. Miguu yangu mimi! Nilijikuta sakafuni jikoni, Jacky ananimwagia maji, anapiga kelele jina la mama."

"Na bado ulitaka kukimbia kesho?"

"Nikitolewa kwa timu, mimi ni nani?"

Vivian akaweka kikombe cha uji chini. "Wewe ni mtu atakayeanguka mbele ya watu elfu mbili," akasema. "Na mimi hapo nitacheka, kwa sababu nitaogopa sana, na sitawahi kujisamehe. Inuka twende."

Wakaingia pamoja kwenye chumba cha Sista Khadro. Kocha Bwire alikuwa humo akihesabu vikombe. Irungu akaweka chupa mezani, akasema yote, haraka haraka, kama anayekimbia mita mia za mwisho za maisha yake. Kocha akaketi bila kutafuta kiti, akabahatika kukuta ndoo iliyofunikwa.

Sista Khadro alifungua chupa. Akanusa. Akakunja uso, akanusa tena.

"Irungu. Huu mkojo una tangawizi."

"Tangawizi?"

"Na iliki." Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ni strungi, mwanangu. Umebeba chai kwapani tangu asubuhi."

"Jacky!" Irungu akapiga ukelele.

Hapo ndipo meno ya Sista Khadro yalipoonekana, yote, meupe na mazuri, yenye mwanya mbele. Alicheka akishikilia kabati. Kocha Bwire akajaribu kukasirika, akashindwa, filimbi ikarukaruka kifuani. Walipompigia Jacky simu saluni kwake, sauti yake ilijaa chumba.

"Ulitaka nifanye nini, nikusaidie kufa? Nilijua mtu mwenye pua atakushika. Sista, asante. Mwambie bado nampenda huyo mjinga."

Irungu akafunika uso, akicheka na kulia kwa pamoja. Na katikati ya hayo yote Vivian akashika meza, macho yamemtoka.

"Sista! Kikombe! Sasa hivi!"

Adhiambo, aliyekuwa mlangoni, alisimulia baadaye kwamba hajawahi kuona rekodi ya Irungu ikivunjwa kama Vivian alivyokimbilia chooni. Chupa tatu na uji vilitoka kwa pamoja, kikombe kikafurika, na swali lake la asubuhi likapata heshima liliyostahili.

Kipimo cha Vivian kilitoa mistari yake miwili, safi kabisa. Kocha Bwire alikitazama, akamtazama na yeye. "Kumbe ndivyo ulivyo tu," akasema. Kwa Kocha Bwire, hiyo ni kuomba msamaha.

Kwa Irungu mstari wa pili haukutokea: spaisi ilikuwamo, kama alivyokuwa amesema mwenyewe. Kanuni ya vyuo ilikuwa wazi: anayejitaja kabla ya kupimwa hafukuzwi. Aliondolewa kwenye mashindano, akatumwa hospitali kuchunguzwa moyo, akatakiwa kufika kwa Sista Khadro kila Jumanne, kupimwa na kuzungumza. Mwanzoni alikuwa akivunja tu vijiti vya kiberiti huko. Jumanne ya tatu alianza kuongea, na Sista akachelewa kufunga ofisi.

Siku ya mashindano, Jumamosi ile ile baada ya vikombe, Vivian alimaliza wa tatu. Irungu alikuwa jukwaani na Jacky, sauti imemkauka kwa kushangilia, akiwa amembebea Adhiambo begi na viatu.

Wiki ya nane daktari akamruhusu Irungu kukimbia tena. Walifika uwanjani watu wachache tu, vumbi jekundu bado lina unyevu. Irungu akainama mstarini, akachomoka mbio. Vivian alishikilia pumzi mpaka Irungu alipovuka mstari na kusimama kwa miguu yake mwenyewe, mikono kiunoni, akihema kama watu wote.

"Ngapi?" Irungu akauliza.

Kocha Bwire akaitazama saa, akaitia mfukoni haraka.

"Umeongezeka uzito," akasema. "Rudi pale mwanzo."

Irungu akarudi pale mwanzo, karibu mbio.